Uzi maalum: Boksi la sabufa la kupiga faiba kwa ndani, hewa isipenye popote

Fundi Maboksi (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kuna jambo linanikera kwenye hii kazi ya miziki ya magari na leo nimeamua kulishusha lote hapa, mwenye gari na mwenye fundi wake wasome wote.

Mtu anakuja na sabufa ya inchi 12 ya hela ndefu, ampu inajitosheleza, waya mnene kabisa mpaka kwenye betri, halafu besi hamna. Analalamika sabufa feki. Nachomoa sabufa, nawasha tochi ya simu naiweka ndani ya boksi, nazima taa za banda, na kwenye kona naona mstari wa mwanga umetoka nje. Tatizo ndo hilo. Hapo hata ukiongeza ampu ya pili unaongeza joto la koili, ule waya uliozungushwa ndani ya sabufa, tu.

Tuelewane kwanza boksi linafanya nini. Koni, ile sehemu ya sabufa inayocheza, ikienda mbele inasukuma hewa mbele, wakati huohuo nyuma yake inavuta. Hizo hewa mbili zinapingana na zikikutana zinauana, ndo maana sabufa ukiishika mkononi bila boksi inacheza sana ila besi huisikii. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya boksi ni kuzitenganisha. Kazi ya pili, kwa boksi lililofungwa kabisa, ile hewa iliyobanwa ndani ndo springi inayoirudisha koni. Hii kanuni si ya jana, Edgar Villchur kule Marekani aliitumia mwaka 1954 kutengeneza spika ndogo yenye besi ya spika kubwa, na alitegemea hewa ibanwe kwelikweli. Sasa boksi likiwa na upenyo springi inalegea, koni inatembea kupita kiasi na pale kwenye upenyo unasikia tsss tsss kila besi ikigonga.

Faiba inaingiaje hapa? Faiba ni nyuzi za kioo zinazoloweshwa rezini, yaani kimiminika kinachoganda kikawa kigumu. Maboksi mengi tunachonga kwa MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa, ya milimita 18. Ni mbao nzuri kwa sauti, nzito, haina mishipa, inakatika vizuri. Ila MDF na maji ni maadui, na maji yanaingilia pale ilipokatwa. Sisi wa Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa tunaijua hewa yetu, achilia mbali buti la gari linalovuja msimu wa masika. Ukingo unavimba, gundi inaachia, boksi lililokuwa zima mwaka jana leo linapumua. Ukilipiga faiba kwa ndani unapata ganda moja lisilo na kiungo, hata mbao ikicheza kidogo nje lile ganda limeshikilia. Na kuta zinakuwa kakamavu, maana ukuta unaotetemeka unakula besi yako.

Nitaendelea na vipimo, maana wengi wanachonga kwa macho.

Mzee wa IST

Nimekaa siti ya mbele kabisa mkuu, shusha madini.

Fundi Maboksi

Twende kwenye ujazo. Sabufa ya maana inakuja na karatasi yenye namba kama Fs (masafa inayopenda kutetemeka yenyewe), Qts (jinsi mtetemo wake unavyozuiwa) na Vas (ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na springi za koni yake). Huo mfumo wa namba ni kazi ya Neville Thiele wa Australia aliyeuandika mwaka 1961, halafu Richard Small akauendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Usiitupe hiyo karatasi, ndo cheti cha kuzaliwa cha sabufa.

Chukua mfano sabufa ina Qts 0.45 na Vas lita 60, na unataka boksi lililofungwa lenye sauti iliyonyooka, yaani Qtc (Q ya sabufa ikishakaa ndani ya boksi) ya 0.707. Unagawa 0.707 kwa 0.45, unapata kama 1.57, unaizidisha yenyewe kwa yenyewe inakuwa 2.47, unatoa 1 inabaki 1.47. Chukua Vas lita 60 gawa kwa 1.47, jibu ni kama lita 41. Huo ndo ujazo wa hewa unaotakiwa ubaki ndani baada ya kila kitu kukaa.

Hapo kwenye "baada ya kila kitu kukaa" ndo watu wanapopotea. Boksi la nje sentimita 45 kwa 38 kwa 35, ukitoa unene wa MDF pande zote ndani inabaki 41.4 kwa 34.4 kwa 31.4, hiyo ni lita 44.7. Faiba ya tabaka mbili inakula karibu lita moja na nusu. Sabufa yenyewe, sumaku na kikapu chake, tuseme lita 2.2, ingawa hiyo nayo iangalie kwenye karatasi. Toa vyote unabaki na lita 41 kamili. Kwa hiyo faiba inahesabiwa kabla msumeno haujagusa mbao, ukiikumbuka baadaye boksi limeshakuwa dogo.

Dereva Noah

Kiongozi samahani nakukatisha, mimi nilichonga boksi Keko kwa mafundi wa fenicha, wakapaka gundi nyeupe wakapiga skrubu, halafu nikazungushia silikoni ndani kona zote. Linapiga fresh tu mwaka wa pili huu. Naona faiba ni kumwongezea mtu gharama bure.

Fundi Maboksi

Mkuu hujakosea. Boksi dogo, mbao zimekatwa na mashine zikakutana sawasawa, gundi imejaa, jiriwa zimebana mpaka ikakauka, silikoni ndani, ampu ya kawaida, hilo linatosha na sitamwambia mtu alibomoe. Na hao mafundi wa Keko mbao wanaijua kuliko mimi.

Faiba naisisitiza kwenye hali tatu. Ya kwanza ampu kubwa, maana presha ya ndani inatafuta udhaifu kila sekunde. Ya pili ni unyevu wa pwani niliousema. Ya tatu ni boksi lenye umbo la ajabu, lile linalofuata ubavu wa buti au shimo la tairi la akiba, hilo huwezi kulifanya kwa mbao tupu.

Ila silikoni ina mambo mawili. Ile inayonuka siki wakati inakauka inatoa asidi inayokula chuma na shaba, kwa hiyo tafuta isiyo na harufu hiyo, na yoyote utakayotumia usifungie sabufa humo siku hiyohiyo. La pili, ukishapaka silikoni halafu baadaye ukataka faiba, rezini haishiki juu ya silikoni hata uifanyeje. Amua mapema.

Binti wa Ufundi

Kaka tueleze vifaa, na hadina, ile dawa ya kugandisha rezini, inachanganywaje, maana niliwahi kumuona fundi anamimina kwa macho tu ikaganda kwenye ndoo na moshi juu.

Fundi Maboksi

Dada umeuliza lenyewe.

Unahitaji mati ya faiba, ile yenye nyuzi zilizokatwakatwa zikalala ovyo, ya gramu 450 kwa mita ya mraba. Rezini ya polyester pamoja na hadina yake ile kama maji, MEKP. Asetoni ya kusafishia brashi. Brashi za bei rahisi, na ukipata rola ndogo ya chuma yenye mikunjo nunua, inatoa hewa vizuri kuliko brashi.

Kwa boksi letu la mfano eneo la ndani ni kama 0.76 ya mita ya mraba. Tabaka mbili ni mita za mraba moja na nusu, mati gramu karibu 700. Mati ya aina hii inakunywa rezini kama mara mbili na nusu ya uzito wake, kwa hiyo kilo 1.7, ongeza ya kupaka mwanzo na ya kona, nunua kilo 3 ulale usingizi.

Hadina ni asilimia 1 mpaka 2. Lita moja ya rezini ni mililita 10 mpaka 20, pima kwa bomba la sindano, usimimine kwa macho. Kwa joto letu anza na asilimia 1. Ukiweka 2 saa saba mchana Dar itakugandia kabla hujamaliza ukuta mmoja. Fanya kazi asubuhi, changanya kidogokidogo, nusu lita hivi, kwenye chombo kipana. Ile ndoo uliyoiona inatoa moshi ndo rezini nyingi iliyokaa kwenye chombo chembamba, joto lake halina pa kutokea, linajipandisha lenyewe mpaka inachemka na inaweza kushika moto. Ikianza kupata moto iweke nje kwenye mchanga, na wewe kaa mbali.

Sasa usalama, naomba hapa msiruke. MEKP ikiingia jichoni inapofua, miwani ya kazi ni lazima, na ikiruka osha kwa maji mengi mfululizo robo saa na zaidi huku unapelekwa hospitali. Kuna maduka yanauza rezini ambayo haijawekwa kobalti, ile dawa ya kuharakisha kuganda, unapewa chupa mbili pembeni. Kobalti unaikoroga kwenye rezini mpaka iishe kabisa, ndipo unaweka hadina. Kobalti na hadina zisikutane zenyewe kwa zenyewe hata tone, zinalipuka, na msizihifadhi rafu moja. Ule mvuke wa rezini ni stirini, inaanza kutoa mvuke unaoshika moto kwenye nyuzi joto 31 tu, yaani joto la kawaida la mchana wetu. Hakuna sigara, hakuna kuchomelea jirani, hakuna jiko. Barakoa za kitambaa hazizuii mvuke, tafuta ile yenye makopo ya mkaa. Na fanyia nje kivulini.

Baharia wa Likoni

Salaam ndugu zangu. Mimi niko Mombasa, twaunda na kukarabati maboti ya faiba. Asemayo fundi hapo juu ni kweli tupu. Nami naongeza moja: mbao iwe kavu. Ukipiga faiba juu ya mbao yenye unyevu itakaa siku mbili tatu yapendeza, kisha yabanduka kipande kizima. Mvua ikinyesha sisi hatuanzi kazi. Na MDF yenye uso wa kung'aa ule wa makabati, ikwangue kwa msasa namba 60 au 80 hadi mng'ao wote utoke, la sivyo rezini haina pa kushika.

Fundi Maboksi

Shukrani sana baharia, nyie ndo wenye faiba yenu.

Basi tupige kazi. Unganisha boksi lote kwa gundi na skrubu ila ubao wa mbele, ule wenye tundu la sabufa, usiufunge bado. Gundi iliyofurika ndani ikwangue ikikauka. Vumbi lote toa.

Kwanza paka rezini yenye hadina ndani kote bila mati, hasa kwenye kingo zilizokatwa, utaona inavyonywewa, ongeza mpaka iache kunywa. Kuna mafundi wanaizimua kwa asetoni au tina ili ipenye, mimi siafiki, ile asetoni inabaki ndani na rezini inakuwa dhaifu. Rezini ya kawaida siku ya joto ni nyepesi vya kutosha.

Halafu kona. Mati haipendi kona kali ya mraba, ukiibandika inarudi nyuma kama springi na chini yake linabaki pango la hewa. Kwa hiyo kona zijaze kwanza ziwe za mviringo. Chukua rezini na pati ya magari, nusu kwa nusu, hadina ya kila moja kwa kipimo chake, koroga iwe inamwagika kama uji mzito. Inamisha boksi likae kwa kona, pale zinapokutana mbao mbili pawe ndo chini kabisa pamekuwa mfereji, mimina, acha ijisambaze yenyewe, ikiganda geuza kona inayofuata. Hii hatua inachosha ila ndo inayoziba kuliko zote, maana ule uji unajipenyeza kwenye nyufa ambazo jicho halioni.

Ikiganda, mati. Usiikate kwa mkasi, ichane kwa mikono, ule ukingo wenye nyuzi zilizotawanyika unaungana na kipande cha pili bila kuacha ngazi. Vipande vipishane angalau sentimita 5. Paka rezini ukutani, laza mati, halafu gongagonga kwa ncha ya brashi iliyolowa, usipake kama rangi maana utavuta nyuzi. Mati ikiwa kavu ni nyeupe, ikilowa inapotea unaona mbao chini yake. Ndo kipimo chako hicho. Popote palipobaki weupe pana hewa au pakavu, rudi hapo na rola mpaka weupe uhame. Tabaka la pili lipige la kwanza likiwa bado linanata.

Mzee wa IST

Mkuu hapo kwenye kunata. Dogo langu alipiga faiba kwenye bampa, mpaka kesho yake bado inanata juu, akahisi kauziwa rezini feki.

Fundi Maboksi

Si feki lazima. Kuna rezini isiyo na nta, yenyewe uso wa juu unabaki unanata kwa sababu hewa inauzuia kukauka, na imetengenezwa hivyo makusudi ili tabaka linalofuata lishikamane nayo. Tabaka la mwisho ndo unaweka ile yenye nta, nta inapanda juu inafunika, uso unakauka. Ukitumia yenye nta tangu mwanzo, kila tabaka likishakauka lazima upige msasa ndo uweke lingine. Ila ikiwa laini mpaka chini siku ya pili, hapo hadina ilikuwa ndogo, au imezeeka, au mbao ilikuwa na maji.

Ndani pakikauka, ubao wa mbele nao upake rezini upande wa ndani na ukingo wa lile tundu, funga kwa gundi na skrubu, halafu kupitia tundu la sabufa rudia ule uji wa rezini na pati kwenye kona nne za mbele. Mkono unapita vizuri tu.

Kijana wa Mbezi

Bro mi nataka lile la kwenye ubavu wa buti, linalofuata umbo la gari, nataka buti libaki na nafasi. Na je naweza kuchonga umbo kwa ile foamu nyeupe ya kwenye maboksi ya TV nikapiga faiba juu?

Fundi Maboksi

Foamu nyeupe na rezini ya polyester haviendi pamoja, stirini inaiyeyusha unaiona inazama mbele ya macho. Ukilazimika kutumia foamu hiyo basi tumia epoksi, lakini mati hii ya kawaida gundi yake imetengenezwa iyeyuke kwenye stirini, kwenye epoksi inabaki ngumu haikai, itabidi uchukue faiba ya kusukwa kama kitambaa.

Kwa ubavu wa buti huhitaji foamu. Toa kapeti, funika eneo lote na tepu ya rangi matabaka mawili matatu, vuka mipaka sana, na gari lote lililobaki lifunike nailoni maana tone la rezini kwenye siti halitoki. Juu ya tepu weka karatasi ya foili kisha nta. Piga tabaka mbili za mati, acha likauke humohumo kwenye gari milango yote wazi, halafu lichomoe. Hapo ni jembamba linapinda, tabaka zinazobaki zipigie nje. Kila tabaka la mati ya 450 linakupa karibu milimita moja, fika 6 mpaka 8 kwa ganda ambalo halina mbao nyuma. Mbele unaweka ubao wa MDF.

Ujazo wa umbo kama hilo hauhesabiki kwa rula. Lijaze mahindi makavu kwa kopo la lita moja, hesabu makopo. Ukikosa kidogo ujazo, pamba ya mito ndani inasaidia, inaifanya hewa ifanye kazi kama boksi lililoongezeka, kwa vitendo kama asilimia 10 mpaka 20, si miujiza.

Dereva Noah

Sawa mkuu nimekuelewa, hilo la presha limeniingia. Je boksi lenye tundu la bomba nalo linahitaji kuzibwa hivi? Si tayari lina tundu?

Fundi Maboksi

Linahitaji sana. Lile bomba limepimwa urefu na upana ili hewa ya ndani icheze kwenye masafa fulani, tuseme hezi 35, yaani mitetemo 35 kwa sekunde. Upenyo mwingine popote unaiba nguvu ya bomba na unapiga mluzi. Tundu la mahesabu na tundu la bahati mbaya ni vitu viwili.

Mzee wa IST

Wakuu nimerudi. Nimefuata uzi huu mwanzo mwisho na fundi wangu, boksi lililofungwa, tabaka mbili. Sabufa imekaa leo. Nimepiga sauti ya hezi 30 kutoka kwenye simu, chini chini tu, nasikia kama mtu anapumua nyuma ya boksi. Kona zote nimepaka povu la sabuni, hakuna kinachotoka. Shida iko wapi?

Fundi Maboksi

Hongera, na umefanya la maana kupima kwa povu. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, kwa kuzunguka, usibonyeze katikati, ishikilie sekunde chache. Boksi likiwa limebana unasikia linakusukuma muda wote kwa nguvu ileile. Linalovuja, msukumo unalegea chini ya vidole.

Kama kona ziko safi na sauti iko nyuma, ni temino ya waya. Zile temino za plastiki za kuchomeka zinavuja pale vyuma vinapopita, wanaziuza hivyo. Ing'oe, jaza silikoni ile isiyonuka siki nyuma yake kuzunguka vyuma vyote, na chini ya mdomo wake weka gasketi ya sponji kama ile ya milango. Ubao wa nyuma pale ilipokatwa tundu, paguse kwa kidole, kama MDF ni tupu paka rezini kwanza iishe kukauka. Gasketi hiyohiyo weka chini ya mdomo wa sabufa, na skrubu zake kaza kwa kupishana, moja juu moja chini, kama nati za tairi.

Halafu sabufa itoe leo. Umepiga faiba lini? Kama bado ukiweka pua kwenye tundu unasikia ile harufu kali, liache wazi juani siku kadhaa mpaka harufu iishe, ule mvuke ukifungiwa humo unakula gundi na ukingo wa koni.

Mzee wa IST

Ni temino kweli mkuu, nimeweka kiganja kilicholowa maji pale nimesikia upepo. Naing'oa sasa hivi, boksi linalala nje. Harufu bado ipo.